Magitaa arobaini bila kugeuka uji: ukuta wa sauti wa Siamese Dream

Swali: "Bendi yetu ina watu wanne, tuko Mombasa, na tunarekodi albamu ya pili nyumbani kwa kompyuta na kadi ya sauti yenye matundu mawili. Tunataka magitaa mazito lakini yenye melodi, kama ilivyo Siamese Dream ya bendi ya roki ya Smashing Pumpkins. Tumesoma kwamba wimbo mmoja wa albamu ile una magitaa hadi 40. Sisi tukifika 8 tu wimbo unakuwa uji, mwimbaji anazama na ngoma hazisikiki. Tunakosea wapi?"

Jibu: Mnakosea kabla ya kufika kwenye miksi, yaani kule kuchanganya na kusawazisha sauti zilizokwisha kurekodiwa. Uji wa magitaa hupikwa wakati wa kurekodi, pale mpigaji anaposhika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) nzima ya nyuzi sita, anafungua distosheni, ile inayokwaruza sauti, mpaka mwisho, anapiga, kisha anarudia kitu kilekile mara saba. Kila safu, yaani kila rekodi moja ya gitaa, ukiisikiliza peke yake ni tamu. Zikikutana ndipo mnaanza kuhangaika na ikwalaiza (ya kupandisha au kushusha sauti nene, za kati na nyembamba), na ikwalaiza haiwezi kutenganisha vitu vilivyozaliwa vimeshikana.

Kwanza albamu yenyewe, maana mazingira yake yanaeleza mengi. Smashing Pumpkins wa Chicago walitoa Gish mwaka 1991, wakiwa na prodyuza Butch Vig kwenye studio yake ya Madison, Wisconsin. Mwaka huohuo Vig alikuwa ametengeneza Nevermind ya Nirvana, na ghafla kila bendi yenye gitaa lenye kelele ilitazamiwa kuleta fedha za namna ile. Kwa albamu ya pili, Vig na Billy Corgan, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, walihamia studio ya Triclops huko Georgia, karibu na Atlanta, kuanzia Desemba 1992 hadi Machi 1993. Sababu moja ya kwenda mbali ilikuwa kumtenga mpiga ngoma, Jimmy Chamberlin, na waliokuwa wakimletea dawa za kulevya. Walirekodi kwenye tepu, bila kompyuta ya kunyoosha makosa. Miksi alipewa Mwingereza Alan Moulder, aliyekuwa amefanya kazi na bendi ya My Bloody Valentine, na ilimchukua siku 36. Albamu ikatoka Julai 1993 ikiwa na nyimbo 13, ikaingia chati ya Billboard 200 moja kwa moja kwenye nafasi ya 10.

Wimbo mnaousema ni "Soma". Hiyo 40 ndiyo idadi inayotajwa siku zote, lakini msiielewe vibaya. Wimbo una zaidi ya dakika sita, na karibu nusu ya kwanza ni ya upole, tena kuna piano ya Mike Mills wa bendi ya R.E.M. Magitaa 40 ni hesabu ya vipande vyote vilivyorekodiwa: vingine vinaingia kwa sekunde chache, vingine vinajibu melodi, vingine vinavuma chini kabisa usivitambue mpaka vizimwe. Anayewasha magitaa 40 kwa pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho atapata kelele ya mashine ya kusaga mahindi.

Sasa tuje kwenye kodi, na hapo ndipo ningeomba mkae zaidi. (Kodi za gitaa, si za nyumba.) Chukueni A meja ya kawaida, ile inayobanwa kwa kidole kizima kwenye freti (vile vyuma vya shingo ya gitaa) ya 5. Nyuzi zake zinatoa takribani Hz (mitikisiko kwa sekunde) 110, 164.8, 220, 277.2, 329.6 na 440. Distosheni haitii tu ukali; inazalisha pia sauti mpya ambazo hukuzipiga, na mojawapo ni tofauti kati ya noti na noti. Toeni wenyewe. 164.8 kutoa 110 ni 54.8. 220 kutoa 164.8 ni 55.2. Mpaka hapo ni salama, kwa sababu 55 ni A ileile oktavu moja chini, na kwa sikio hizo mbili ni kitu kimoja. Endeleeni: 277.2 kutoa 220 ni 57.2, 329.6 kutoa 277.2 ni 52.4. Noti ya tatu ya skeli, yaani C#, imeleta ngurumo mbili za besi ambazo si A wala si noti nyingine yoyote ya kodi, na kati yao zinapishana kwa karibu Hz 5. Hiyo ni tetemeko mara tano kwa sekunde, chini kabisa, mahali ambapo besi na ngoma ya mguu vinaishi. Zidisheni kwa safu nane. Uji wenu ndio huo, kwa namba.

Dawa yake ni kuivunja kodi na kuigawa. Gitaa la distosheni nzito lipige A, E na A ya juu tu. Noti tatu, nyuzi tatu. C# mpeni gitaa jingine, kwenye traki (njia ya kurekodia) yake na distosheni yake. Noti zikipita kwenye distosheni mbili tofauti, haziwezi kuzaa zile ngurumo kati yao. Zikikutana kwenye spika, msikilizaji anasikia A meja kamili, safi, tena nzito kuliko ile ya nyuzi sita. Ndiyo sababu Corgan anapenda mno kupiga oktavu, yaani noti moja na ndugu yake wa juu, huku uzi wa katikati ukizibwa kwa ubavu wa kidole. Sikilizeni mwanzo wa "Cherub Rock": oktavu zinatembea na nyuzi wazi zinavuma pembeni. Oktavu haina noti ya tatu ya kugombana nayo, kwa hiyo inabeba melodi hata ukiipitisha kwenye distosheni chafu kiasi gani.

Kwa aliyezoea muziki wa dansi, hili linahitaji kubadilisha sikio. Kule gitaa la solo, la rithimu na la second solo kila moja lina njia yake, na utamu uko kwenye kupishana. Hapa magitaa kadhaa yanapita njia moja, na utamu uko kwenye kufanana, lakini kufanana kwa ndugu, si kwa picha na kivuli. Msichukue traki moja mkainakili na kuibandika upande wa pili. Nakala kamili inaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 na haiongezi upana hata chembe. Mkiichelewesha nakala, tuseme milisekunde 15 ili ionekane pana, kwenye spika moja sauti zinaanza kufutana: pengo la kwanza liko Hz 33 hivi, kisha lingine kila baada ya Hz 67. Gitaa linatoka kama linapigwa ndani ya bomba. Pigeni upya, kila safu, kwa mkono.

Mkono huo unatakiwa kuwa mmoja. Kwenye Siamese Dream sehemu kubwa ya magitaa, na hata ya besi, alizipiga Corgan mwenyewe badala ya wenzake, James Iha wa gitaa na D'arcy Wretzky wa besi. Kiufundi ana hoja: mtu mmoja anagonga uzi kwa pembe ileile, anachelewa palepale, anaachia noti wakati uleule. Kibinadamu ilikuwa sumu kwa bendi, na hilo halikufichika. Kwenu nashauri njia ya kati: kila sehemu iwe na mwenyewe. Aliyebuni mstari wa chini apige safu zote za mstari wa chini, aliyebuni melodi apige safu zote za melodi. Kubalianeni kabla ya kuwasha kompyuta. Mwenzenu asije akagundua kwenye miksi kwamba sehemu yake imefutwa usiku.

Kuhusu kulenga mpigo: safu zikiachana kwa milisekunde 10 hadi 20 ni sawa, ndiyo zinazoleta upana. Zikivuka 30 hivi, sikio linaanza kuhesabu magitaa. Lakini wengi wanachunga mwanzo wa noti na kusahau mwisho wake. Ukuta unajulikana kwa namna unavyokatika. Kama kodi inazimwa kwenye mpigo wa nne, wote wazime kwenye mpigo wa nne, kwa kiganja, nyuzi zote. Safu moja ikivuta mkia, zile saba nyingine zote zinaonekana za ovyo.

Kutyuni ni baada ya kila mkupuo, yaani kila mara mnaporekodi sehemu, si baada ya kila wimbo. Senti moja ni sehemu ya mia ya nusu toni. Magitaa mawili yakiachana kwa senti 5 kwenye A ya Hz 440, yanapepea mara moja na kidogo kwa sekunde, na hiyo inapendeza. Yakiachana senti 20 yanapepea mara tano, na hapo msikilizaji atasema hamjui kupiga. Kabla ya kurekodi, linganisheni kila uzi: noti ya kugusa juu ya freti ya 12 na noti ya kubana freti hiyohiyo zinapaswa kusoma sawa kwenye tyuna. Ya kubana ikiwa juu, rudisheni nyuma kile kitako cha uzi kwenye daraja, robo mzunguko wa skrubu kwa wakati, kisha tyuni na pimeni tena. Na kwa kuwa mko pwani, hewa ya chumvi inakula nyuzi haraka. Uzi wenye kutu hauna uzito sawa urefu wake wote, kwa hiyo hautyuniki sawasawa hata mfanye nini. Wekeni nyuzi mpya mwanzo wa kurekodi, zivuteni kwa mkono zilegee na kutulia kwa saa kadhaa, na zipanguseni kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza.

Msibane freti kwa hasira. Mkono wa kushoto ukikaza, noti inapanda senti kadhaa, na mtu hukaza zaidi kwenye kiitikio, yaani palepale mnapopanga safu.

Distosheni nayo ipunguzwe, na hapa ndipo wengi hubisha. Sauti ya albamu ile inahusishwa na pedali ya Big Muff, hasa toleo la mwisho wa miaka ya 1970 lililotumia saketi za op-amp badala ya transista. Electro-Harmonix wenyewe walilirudisha sokoni mwaka 2017. Ilipita kwenye amplifaya ya Marshall JCM800 na gitaa la Stratocaster lenye pikapu za Lace Sensor. (Pikapu hapa ni sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, si gari la mizigo.) Mkinunua pedali hiyo na kuifungua yote, safu moja itawafurahisha sana. Safu nane hazitakuwa na konsonanti hata moja. Distosheni inabana sauti: inashusha mguso wa kwanza wa piki (kile kidude cha kupigia nyuzi) na kuinua mkia, na mguso huo ndio unaomwambia msikilizaji kodi imebadilika. Kwa safu, ukiitazama nobu ya sustain kama uso wa saa, mshale uwe kwenye namba 9 au 10. Gitaa peke yake litasikika dhaifu kidogo. Liacheni hivyohivyo. Ukali unajumlishwa, mguso ukipotea haurudi.

Jambo la pili kuhusu Big Muff: nobu ya tone ikiwa katikati, pedali inachimba shimo kwenye sauti za kati, karibu na Hz 1,000. Chumbani inasikika kubwa. Kwenye bendi inatoweka kwa sababu sikio linatafuta gitaa palepale kwenye shimo. Kwa hiyo msiipe kazi zote. Nusu ya safu zipite kwenye pedali, nusu nyingine zipite kwenye amplifaya yenye sauti za kati nyingi bila pedali, au kwenye programu ya kuiga amplifaya iliyowekwa hivyo. Zinajazana.

Kwa kiitikio chenye safu 8, mimi ningepanga hivi. Safu mbili za kwanza ni mstari wa chini, A-E-A, moja kushoto kabisa na moja kulia kabisa, pikapu ya karibu na daraja. Mbili zinazofuata zipige vilevile lakini kwa sauti ya aina nyingine, gitaa jingine au pikapu nyingine, distosheni ndogo zaidi, zisogezwe ndani kwenye asilimia 60 au 70, na ziwe chini kwa desibeli 4 hadi 6. Hizi hazitakiwi kusikika. Zinatakiwa kukosekana zikizimwa. Mkiwa na gitaa moja tu, pigeni A-E-A ileile mkianzia uzi wa tano bila kuubana, kisha E na A ya juu kwenye freti ya 2 ya nyuzi mbili zinazofuata. Urefu na unene wa uzi unabadilika na rangi inabadilika nao. Safu ya 5 na ya 6 ni oktavu zinazobeba melodi au noti ya tatu, hapa ndipo pedali ifunguliwe kwa ukarimu, asilimia 40 kila upande. Safu ya 7 ni gitaa kavu la mbao au gitaa safi lisilo na distosheni, likichapa kodi nzima ya nyuzi sita mliyonyimwa kule juu. Kwenye kelele hamtalisikia kama gitaa kavu. Mtasikia kwamba ghafla mpigo una ncha. Ya 8 iachieni ushenzi: mluzi wa fidbeki, kukwaruza nyuzi, noti moja ndefu.

Ushenzi huo una heshima yake. Kwenye "Mayonaise" kuna gitaa la bei chee lililokuwa likipiga mluzi kila mkono ulipoachia nyuzi. Badala ya kulitupa, walilifanyia nafasi, na ule mluzi unaosikika kwenye mapumziko ya kodi ni ugonjwa wa gitaa lenyewe. Hutokea pale nyaya za pikapu hazikuzamishwa kwenye nta, zikabaki huru na kunasa hewa kama maiki. Kama gitaa lenu lina kasoro inayokuja kwa wakati wake, jaribuni kuipangia wimbo kabla ya kumpelekea fundi.

Kama mnatumia amplifaya na maiki, wekeni maiki sentimita 2 au 3 kutoka kitambaa cha spika, ikilenga ukingo wa kile kifuniko cha duara cha katikati. Katikati kabisa inachoma. Kuelekea pembeni inakuwa nzito na butu. Sogezeni kwa sentimita moja moja huku mwenzenu anasikiliza chumba kingine, hiyo ni ikwalaiza bora kuliko yoyote mtakayonunua. Mkitumia maiki mbili, ziwe umbali sawa na spika: tofauti ya sentimita 17 inatosha kufuta sauti karibu na Hz 1,000. Stratocaster na pikapu nyingine za koili moja zinanasa mvumo wa umeme, basi chomoeni chaja ya kompyuta mpatapo mkupuo muhimu, na mpigaji ageuke taratibu mpaka apate upande ambao mvumo unashuka.

Miksi sasa inakuwa kazi fupi. Kila mkizidisha safu mara mbili kiwango kinapanda desibeli 3 hivi, kwa hiyo safu nane zimepanda kama 9. Shusheni kundi zima kabla ya kugusa kitu kingine. Kateni magitaa yote chini ya Hz 100. Uzi mnene wa gitaa unaanzia Hz 82, lakini sehemu hiyo ni ya besi, na mkilizima gitaa mtaona mlichokuwa mnakiita uzito wa gitaa kilikuwa besi muda wote. Punguzeni desibeli 2 au 3 kati ya Hz 250 na 400. Juu ya Hz 9,000 hakuna gitaa la distosheni, kuna mchanga tu. Kateni, muwaachie matoazi. Mwimbaji akizama, teremsheni safu za pembeni kidogo kati ya Hz 2,000 na 4,000 badala ya kumpandisha yeye. Sauti ya Corgan ni nyembamba na kali, ya puani, na hiyo ni bahati kwake: inapenya mahali magitaa hayajai. Mwimbaji mwenye sauti nene atahitaji nafasi kubwa zaidi, na pengine safu sita badala ya nane.

Besi irekodiwe mara mbili kwa wakati mmoja, tundu moja sauti safi na tundu jingine yenye distosheni, kisha ile chafu ikatwe chini ya Hz 200. Safi inashika ardhi, chafu inaunganisha na magitaa.

Ngoma zirekodiwe kwanza, na zipigwe na mtu anayejua kunyamaza. Chamberlin anapiga kwa mkono wa jazi, sneya yake (ile ngoma yenye mlio mkali) imejaa mapigo madogo kati ya makubwa, na magitaa ya albamu ile yamefuata ngoma, si kinyume. Mkisharekodi ukuta ndipo mwite mpiga ngoma, atabaki kugonga ukuta.

Kuna kosa jingine ambalo namba hazilitibu: kujenga ukuta kuanzia dakika ya kwanza. "Today" inaanza na noti chache nyembamba za juu, zinazojirudia, karibu za kitoto, na ndipo magitaa yanapoanguka. Beti zake zinarudi chini tena. "Disarm" imekaa katikati ya albamu bila ukuta wowote wa umeme: gitaa kavu, kengele, na nyuzi za Eric Remschneider kwenye cello na David Ragsdale kwenye fidla. Baada yake ndipo "Soma" inapokuja. Kwenye albamu yenu, orodhesheni nyimbo na mwandike kila moja ina safu ngapi mahali palipo na kelele kuliko pote. Zote zikiwa na safu nane, nyimbo tatu kati yake zipewe safu mbili tu.

Mkimaliza kiitikio cha kwanza, kichezeni kwenye spika moja ya simu, kwa sauti ndogo, simu ikiwa juu ya meza. Mnatakiwa kusikia maneno, sneya, na ile melodi ya oktavu. Mstari wa chini ukitoweka kabisa, huenda traki mbili kati ya zile nne zinafutana; geuzeni fezi (mawimbi ya sauti yapinduliwe, juu yawe chini) ya moja moja mpaka urudi. Melodi ikitoweka, zimeni safu ya 3 na ya 4 kwanza, kisha sikilizeni tena kabla ya kuongeza chochote.